Hata Asili Ina Wenyewe

Mwaka uliopita nilihudhuria mashindano ya muziki ya shule katika kaunti moja ya magharibi mwa nchi. Sikwenda kama mwamuzi, kwa kuwa muziki sikuusomea; nilikuwa mgeni tu wa mwalimu mmoja niliyemfundisha isimu chuoni miaka kadhaa iliyopita. Shule yake ilipanda jukwaani na wimbo wa jadi wa Kibukusu. Mpiga litungu alikuwa mvulana mwembamba wa kidato cha tatu. Wimbo ulipofika katikati, mvulana huyo aliuacha kwa muda mwendo uliozoeleka, akashuka kwenye nyuzi nzito, akazicharaza kwa namna ambayo mimi binafsi nilidhani sikuwahi kuisikia, kisha akarejea kwa wenzake bila ya kuwapotezea hatua. Ukumbi ukajaa vigelegele. Mwamuzi alipopewa nafasi ya kutoa maoni yake alizisifu sauti, akayasifu mavazi, halafu akaeleza kwamba alama kadhaa zilikatwa kwa sababu upigaji ule "haukuwa wa asili". Mvulana aliinamisha kichwa. Hakuna mtu, nami nikiwamo, aliyemwuliza ni nani aliyemfundisha kupiga hivyo.

Nilirudi Nairobi nikiwa na jina moja akilini, nalo halikuwa jina la Mbukusu wala la Mwafrika yeyote. Lilikuwa jina la Bill Monroe, Mmarekani mweupe, mpiga mandolini na mtunzi, aliyezaliwa tarehe 13 Septemba 1911 karibu na kijiji cha Rosine katika jimbo la Kentucky, na kufariki tarehe 9 Septemba 1996, siku nne tu kabla ya kutimiza umri wa miaka 85. Najua kwamba wengi wa wasomaji wangu hawajapata kulisikia jina hilo. Hata hivyo, wamo humu nchini wazee wengi ambao Jumapili kwao haikamiliki bila ya Jim Reeves, na hao wanaujua muziki wa kantri kama waijuavyo njia ya kisimani. Monroe ni wa ukoo huo. Ndiye aitwaye baba wa tawi lake moja, yaani blugrasi: muziki wa mandolini, fidla, banjo, gitaa na besi, unaopigwa mbio mbio na kuimbwa kwa sauti ya kiume ya juu mno, sauti ambayo mtu asiyeizoea huidhania ya mchungaji anayemwita mwenziwe ng'ambo ya bonde.

Ukiusikiliza muziki huo utaapa kwamba ni wa kale kama milima yenyewe. Na wapo mashabiki wake huko Marekani wanaoulinda kwa wivu mkubwa, wakisema hiki ni cha asili na kile si cha asili, sawasawa na mwamuzi wetu. Ilhali blugrasi ina umri mdogo kuliko wa babu yangu. Siku zake za kuzaliwa zinajulikana, na wakunga wake wanajulikana kwa majina. Hapo ndipo maisha ya Monroe yanapotufaa sisi tunaofundisha.

Alikuwa kitinda mimba wa watoto wanane. Alizaliwa na makengeza katika jicho moja, akawa haoni vizuri, na wenzake wakamtania kwa ajili hiyo. Basi akawa mtoto wa kukaa kando na kusikiliza. Mama yake, Malissa, alipiga fidla na kodiani na kuimba nyimbo za zamani jioni baada ya kazi. Watoto nao wakafuata. Kaka zake wawili, Birch na Charlie, walikuwa wamekwisha kujichagulia fidla na gitaa, na mdogo wao akaachiwa mandolini, ala ambayo haikugombewa na mtu. Mandolini si ngeni katika taarabu za pwani yetu: ni ala ndogo ya nyuzi nane zilizopangwa jozi jozi, kila jozi ikilia sauti moja. Wale kaka wakamwamuru azing'oe nyuzi nne kati ya nane, aache mmoja mmoja, asije akawazidi kwa kelele. Naam, mtu ambaye baadaye angeitwa mwanzilishi alianza safari yake akiwa na nusu ya ala.

Mama alifariki mwaka wa 1921, Bill akiwa na miaka kumi. Mwaka wa 1928 baba naye akafuata. Kaka zake walikuwa wamekwenda kutafuta kazi katika miji ya viwanda ya kaskazini, na kijana huyo wa miaka kumi na sita akaishia katika kibanda cha mlimani cha mjomba wake, Pendleton Vandiver, aliyejulikana kwa jina la Pen.

Hapa naomba niseme kidogo kama mwanaisimu. Kwa Kiingereza neno moja humtaja ndugu wa baba na ndugu wa mama, na Mwingereza haoni taabu. Wimbo mashuhuri kuliko nyingi alizotunga Monroe, uliorekodiwa mwaka wa 1950, unamtaja mzee huyu kwa neno hilo lisilosema ni wa upande gani. Kiswahili hakituruhusu uvivu huo. Pen alikuwa ndugu wa mama. Ni mjomba hasa, na kwetu Bungoma ni khocha, yule ambaye kijana wa Kibukusu humwendea anapokaribia tohara ili avikwe luliki shingoni, nyama inayotangaza kwamba upande wa mama umemkubali. Nilipokuja kugundua kwamba Vandiver lilikuwa jina la kwao Malissa, wimbo ule ulinibadilikia kabisa. Haukuwa tena wimbo wa mzee mcheshi wa kijijini. Ulikuwa wimbo wa yatima aliyepokewa na upande wa mama.

Pen alikuwa amelemazwa na ajali ya nyumbu, akawa anatembea kwa mikongojo. Lakini usiku wa ngoma alipanda nyumbu wake, fidla mkononi, mpwawe nyuma yake, wakaenda kuwapigia wanakijiji dansi hadi usiku wa manane. Bill alimsindikiza kwa gitaa. Hakufundishwa kwa nadharia wala kwa kitabu. Aliusikiliza mkono wa mjomba wake, wapi unaharakisha, wapi unakawia, na akauhifadhi mwendo huo mwilini. Pen alifariki mwaka wa 1932. Mpwawe alizitaja ndani ya wimbo ule baadhi ya nyimbo ambazo mzee alizipenda, na mwaka wa 1972 akatoa albamu nzima ya tuni za mjomba wake. Mzee ambaye hakurekodiwa hata mara moja anajulikana ulimwenguni, na fidla yake bado inapigwa na watu wasioijua Kentucky, kwa sababu mwanafunzi mmoja hakuona haya kumtaja.

Lakini Bill Monroe alikuwa na mwalimu mwingine, na hapa ndipo kisa kinapokuwa kichungu.

Katika machimbo ya makaa ya mawe ya sehemu hizo alikuwapo Arnold Shultz, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka wa 1886, mtu wa vibarua mchana na wa gitaa na fidla usiku. Katika enzi ambayo sheria na desturi ziliwatenga weusi na weupe, Shultz alipiga katika dansi za watu wote. Ni yeye aliyempa kijana Monroe nafasi ya kumsindikiza kwa gitaa dansini yeye akipiga fidla. Monroe hakulificha deni hilo. Hadi uzeeni aliwaambia waliomhoji kwamba ile huzuni ya bluzi iliyomo katika muziki wake aliitoa kwa Shultz. Namna ya Shultz ya kupiga gitaa kwa dole gumba ilipita mkono hadi mkono miongoni mwa wachimba makaa wa Kentucky hadi ikamfikia Merle Travis, na kwa njia ya Travis ikawafikia wapiga gitaa wa nchi nyingi.

Shultz mwenyewe alifariki mwaka wa 1931. Hakuna hata santuri moja iliyoihifadhi sauti yake. Mjomba Pen alipata wimbo, akapata albamu. Shultz alibakia tanbihi katika mahojiano. Mtu anaweza kusema kwamba damu ni nzito kuliko maji, na huenda ni kweli. Lakini nadhani kulikuwa na sababu nyingine: biashara ya muziki ya Marekani ya miaka ile ilikuwa imewagawa wanamuziki kwa rangi, santuri za weusi huku na za weupe kule, hivi kwamba muziki wa milimani ulikwisha kupewa rangi kabla Monroe hajafungua kinywa. Mwaka wa 2020 ndipo wakfu wa chama cha kimataifa cha muziki wa blugrasi ulipoanzisha mfuko wenye jina la Arnold Shultz ili kuwasaidia wanamuziki wasio weupe. Ilikuwa imepita karibu miaka 90 tangu azikwe.

Na si yeye tu. Iangalie banjo, ile ala ambayo bila ya mlio wake hakuna anayekubali kwamba anasikiliza blugrasi. Asili yake ni Afrika ya Magharibi. Ilivukishwa bahari katika kumbukumbu na mikono ya watu waliouzwa. Basi ule muziki unaodhaniwa kuwa wa weupe watupu wa milimani umesimama juu ya ala ya Mwafrika, bluzi ya mchimba makaa mweusi, fidla iliyotoka visiwa vya Uingereza na Ayalandi, na uimbaji wa makanisa ya vijijini. Wa asili? Bila shaka. Lakini ni asili ya nani?

Miaka iliyofuata naipitia haraka. Mnamo mwaka wa 1929 Monroe alikwenda Indiana, akafanya kazi katika kiwanda cha kusafisha mafuta pamoja na kaka zake. Yeye na Charlie wakaunda kundi la wawili, wakaanza kurekodi mwaka wa 1936, na mwaka wa 1938 wakaachana. Oktoba 1939 alisimama kwa mara ya kwanza katika Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Nashville kilichosikika katika majimbo mengi, akiwa na kundi lake mwenyewe, Blue Grass Boys. Jina hilo alilitoa kwa Kentucky, jimbo linaloitwa la nyasi za buluu. Alianza na Mule Skinner Blues, wimbo wa Jimmie Rodgers, lakini aliuharakisha na kuupandisha kiasi kwamba mwenyewe, aliyefariki mwaka wa 1933, angelazimika kuuliza ni wimbo gani. Mkumbuke huyo Rodgers, kwa maana tutakutana naye tena, na si Marekani.

Kilichofuata ndicho kinachoitwa kuzaliwa kwa blugrasi. Mwaka wa 1945 Lester Flatt alijiunga na kundi kwa gitaa na sauti, na Desemba ya mwaka huo akaja kijana wa North Carolina, Earl Scruggs, aliyepiga banjo kwa vidole vitatu, noti zikimiminika kama mvua ya mabati. Kati ya mwaka wa 1946 na 1948 kundi hilo liliweka kielelezo ambacho wote waliofuata walikiiga. Lakini nawaombeni mzingatie jambo moja ambalo walinzi wa asili hupenda kulisahau. Miezi michache tu kabla ya hapo, katika rekodi za mwaka wa 1945, Monroe alikuwa na mwanamke katika kundi, Sally Ann Forrester, aliyepiga kodiani. Ndiyo, kodiani! Leo hii ukipeleka kodiani katika mashindano ya blugrasi utatazamwa kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Baba wa muziki huo angekatwa alama na wanawe.

Sitaki kumfanya Monroe malaika. Alikuwa mtu wa kinyongo. Mwaka wa 1948 Flatt na Scruggs walipomwacha na kuunda kundi lao, aliwanunia kwa zaidi ya miaka ishirini. Ilikuwa mwaka wa 1971, katika tamasha lake la Bean Blossom huko Indiana, alipopeana tena mkono na Flatt. Aidha, ndugu wawili waliojulikana kama Stanley Brothers walipoanza kupiga kwa mtindo wake, na kampuni yake ya santuri ikawaandikisha nao, aliihama kampuni hiyo kwa hasira. Kwake yeye hao walikuwa wezi. Yeye ambaye muziki wake ulikuwa umeundwa kwa mkono wa mjomba, sauti ya mama na bluzi ya Shultz hakuweza kustahimili kuona wengine wakichukua kwake. Ni udhaifu wa kibinadamu, na wasomi tunaujua vyema sana.

Lakini fikirini lililotokea baadaye. Kama wale "wezi" wasingeiga, kusingekuwa na blugrasi. Kungekuwa na Bill Monroe tu. Ni baada ya wengine kuuchukua mtindo ule katika miaka ya 1950 ndipo wasikilizaji walipohitaji jina la kuuita, wakalichukua jina la kundi lake. Jina la watu likawa jina la kitu. Na mwaka wa 1954 kijana asiyejulikana wa Memphis, Elvis Presley, aliuchukua wimbo wa Monroe wa Blue Moon of Kentucky, uliotungwa kwa mwendo wa polepole wa valsi, akauharakisha na kuuweka upande wa pili wa santuri yake ya kwanza. Mara hii Monroe hakununa. Aliurekodi tena wimbo wake mwaka huo huo: akauanza kwa valsi yake ya zamani, kisha katikati akauingiza katika mwendo wa haraka. Mwalimu alikuwa amejifunza kwa mwanafunzi, na alikubali hilo likasikika hadharani.

Mimi ni mwalimu wa lugha, na kwangu hadithi hii haina ugeni. Kiswahili sanifu tunachowapigia wanafunzi alama nyekundu kwacho hakikushuka kutoka mbinguni. Katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka wa 1928 Kiunguja ndicho kilichoteuliwa kuwa msingi, na kamati ya kukisanifisha ikaundwa mwaka wa 1930. (Wamombasa hawajaisahau siku hiyo, na mpenzi wa tenzi za Kimvita hawezi kuwalaumu.) Leo mwanafunzi huambiwa kwamba hivi ndivyo Kiswahili "kilivyo", kana kwamba hapakuwa na kikao, wala watu, wala mwaka. Kanuni ikishadumu husahauliwa walioiweka, na ikishasahauliwa walioiweka huitwa asili.

Nimesikia pingamizi la walimu wa muziki, na sipendi kulidharau. Wananiambia: Daktari, tukilegeza kamba vijana watatuletea kinanda cha umeme na mdundo wa tangazo la sabuni, waseme ni wimbo wa babu zao. Mwacha mila ni mtumwa. Ni kweli hatari hiyo ipo. Lakini methali hiyo inamlaumu anayeacha, haimlaumu anayeongeza. Mtoto anayejifunza lugha hatuthibitishi umahiri wake kwa kumsikia akirudia sentensi za mama yake. Tunauthibitisha siku anapotunga sentensi ambayo mama hakuwahi kuisema, na mama akaielewa. Anayekosea na anayebuni hawafanani hata kidogo, na mwamuzi mwenye masikio hutofautisha. Monroe alikaa miaka na miaka nyuma ya mgongo wa mjomba wake kabla ya kuharakisha lolote. Swali la kumwuliza kijana si kama amebadilisha. Ni kama anajua alichokibadilisha, na alikitoa kwa nani.

Nilisema tutakutana tena na Jimmie Rodgers. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi muziki, alifika katika nchi ya Wakipsigis. Santuri za Rodgers zilikuwa zimewatangulia watafiti. Wasichana wa Kikipsigis walimwimbia Tracey wimbo wao, ukisindikizwa na ala yao ya nyuzi, kuhusu Chemirocha. Litamkeni jina hilo polepole. Ni Jimmie Rodgers, aliyepita katika ndimi za Kikalenjin, akavishwa konsonanti na vokali za kwao, hata ukimsikia unadhani ni binti wa Kericho. Tena hakubakia mwimbaji wa Mississippi. Katika maelezo ya Tracey amekuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa. Basi mtu yule yule ambaye Monroe alianza na wimbo wake jukwaani Nashville mwaka wa 1939, miaka kumi na moja baadaye alikuwa amekwisha kuzaliwa upya katika vilima vya chai vya Kenya. Rekodi hiyo sasa inahesabiwa miongoni mwa hazina za muziki wa Wakipsigis, na ni haki. Lakini wale wasichana wangesimama mbele ya mwamuzi wetu mwaka ule wa 1950, wangepewa ngapi?

Kwa hiyo nina pendekezo dogo kwa wanaoandaa mashindano haya. Katika fomu ambayo shule hujaza kabla ya kupanda jukwaani, mara nyingi mahali pa mtunzi wa wimbo wa jadi huandikwa kwamba hajulikani, au huandikwa jina la kabila zima, kana kwamba kabila lilikutana barazani likatunga. Pawekwe mstari mmoja zaidi: ulifundishwa na nani, wa kijiji gani, na ninyi mmeongeza nini. Mwanafunzi asiyeweza kuujaza mstari huo akatwe alama, na mimi sitalalamika. Simu za kurekodia wanazo walimu wote. Wazee ndio wanaopungua.

Nilimpigia simu yule mwalimu aliyenialika, nikamwuliza mvulana alifundishwa na nani. Naye hakuwa amemwuliza. Baada ya siku mbili akaniarifu: ni mzee mmoja wa ng'ambo ya mto, bado yu hai, haoni vizuri, na hapana mtu aliyewahi kumrekodi. Nimemsihi aende kabla ya muhula kwisha.

Sikumsihi kwa hekima ya vitabuni. Mandolini ya Monroe, aina ya Gibson F-5 ya mwaka wa 1923, ambayo aliinunua kwa dola 150 baada ya kuiona katika kinyozi huko Florida, ilivunjwavunjwa na watu walioingia nyumbani kwake mwaka wa 1985. Mafundi walikaa miezi wakiunganisha vibanzi kimoja kimoja, na mwaka wa 1986 wakamrudishia inayolia. Kwa sauti hapana fundi wa namna hiyo. Mwaka wa 2009, nikikusanya data ya tasnifu yangu ya uzamifu kuhusu toni katika Lubukusu, nilimrekodi mjomba wangu mwenyewe, khocha, ambaye alikuwa mpiga litungu anayeitwa arusini na matangani pande zote za kwetu. Katika tasnifu, kwa kuzingatia taratibu za utafiti, anaitwa Msemaji wa 4. Alifariki mwaka wa 2014. Sikupata kumwuliza nani alimfundisha litungu. Nilikuwa na orodha ya vitenzi 200 vya kumaliza, na jua lilikuwa linakuchwa.

Usiku niliorudi kutoka katika mashindano niliifungua rekodi hiyo. Ina dakika arobaini za vitenzi. Mwanzoni kabisa, kabla ya kitenzi cha kwanza, mzee anasikika akijaribu nyuzi, sekunde sita au saba hivi, na zile za mwisho zinashuka kwenye nyuzi nzito. Nimezirudia mara nyingi nikizilinganisha na nilichokisikia kwa yule mvulana. Ni fupi mno, siwezi kuapa. Kisha inasikika sauti yangu, ya kijana msomi mwenye haraka, ikisema kwa heshima zote: khocha, naomba uliweke litungu chini kidogo, linaingilia toni. Halafu kishindo cha mti unaoegemezwa ukutani, na mzee anaanza kunitajia vitenzi.